Kiti cha Baba na Msimu wa Barafu

Kasanda,
kwa anwani ya duka la Gharibu, Kibondo
15 Septemba 1996

Mdogo wangu Nestori,

Pokea salamu za waliobaki. Mimi ni mzima, mdogo wetu Vestina naye ni mzima na anakusalimu, ingawa alikuwa na miaka sita ulipoondoka na sura yako anaijua kwa picha tu. Mvua za kwanza zimeanza na wiki ijayo tunapanda mahindi. Upepo uling'oa bati moja la jikoni, tumelifunga kwa kamba. Watu wanaendelea kuvuka mpaka kutoka Burundi, kila siku wengine, na kambi zimejaa.

Sasa nije kwenye jambo. Baba alizikwa Aprili na wewe hukuja. Ulituma telegramu ya maneno manane, niliyahesabu. Nilinyamaza, nikijua kwamba utakuja kwenye kuganduka, siku ya kuvua msiba. Basi wazee wamekaa na siku imepangwa, Jumamosi tarehe 25 Januari mwakani. Kama umesahau huko uliko, nikukumbushe: mpaka msiba wa Baba uvuliwe siku hiyo, katika nyumba hii haoi mtu wala haolewi mtu. Mtoto wa kiume wa kwanza anakalia kiti cha baba yake, anaonja pombe ya mtama kabla ya wengine, na tangu hapo yeye ndiye mwenye nyumba. Baba alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, naye anakula mikate Kanada.

Wazee wamekubali kwamba kama hutakuja, uandike kwa mkono wako jina la mtu atakayekaa badala yako. Usipokuja na usipoandika, atakaa Baba Mdogo Venanti. Ameshaanza kuiangalia nyumba kama mtu anayechagua mbuzi.

Vestina amechumbiwa na Niyongabo wa Muyama, yule anayeuza nguo pale Kasulu. Baba Mdogo hawataki watu wa Muyama. Amesema akikalia kiti, Vestina atangoja mwaka mzima ndipo afikirie. Vestina hawezi kungoja mwaka, na usiniulize kwa nini. Na mimi niliyeachana na mume nikarudi hapa kumuuguza Baba, nitaambiwa nirudi nilikotoka.

Kwa hiyo njoo. Ama andika jina langu. Baba alikuandikia kila mwezi kwa miaka kumi na mitatu ili Kiswahili kisikupotee, na kila mwezi alikudai jibu. Usiniambie mstari mmoja umekushinda.

Dada yako,
Esteri


Marlow Springs, Texas, Marekani
9 Oktoba 1996

Dada Esteri,

Shikamoo. Mimi sijambo. Daktari na Mama Daktari, walezi wangu, wanakusalimuni, wamestaafu na sasa wanafuga kuku. Mama Daktari goti linamsumbua. Barua yako ilipitia kwao, ndiyo maana nimechelewa.

Sipo Kanada tena. Mwezi uliopita nimesaini mkataba na timu ya huku Texas, ya ule mchezo wa magongo juu ya barafu niliowahi kumweleza Baba. Alinijibu akiuliza kama hiyo barafu haiyeyuki. Ukweli ni kwamba inayeyuka. Mji huu una joto kama Uvinza, na sisi tunachezea ndani ya jengo la maonyesho ya ng'ombe. Wamemwaga maji juu ya sakafu, wameyagandisha kwa mitambo, na mtambo ukichoka ukungu unapanda mpaka kiunoni, humwoni mwenzako. Chini ya barafu mavi ya ng'ombe bado yananuka.

Ligi yenyewe ni mpya, huu ndio msimu wake wa kwanza. Kuna timu sita. Si ile ligi kubwa ya kwenye televisheni, iko ngazi tatu chini yake, lakini ni kazi ya mshahara. Tuko wachezaji kumi na saba, tunavaa viatu vyenye visu chini, tunafukuzia kisahani cha raba kwa magongo. Sisi timu yetu inaitwa Nge. Mimi sikuajiriwa kufunga mabao. Nilianza kuteleza nikiwa na miaka kumi na moja, wenzangu walianza wakiwa na mitatu, kwa hiyo siwezi kuwafikia kwa mbio. Kazi yangu ni kuwalinda wafungaji wetu. Mtu akimgonga mmoja wao vibaya, mimi namwendea, tunatupa glavu, tunapigana ngumi. Mwamuzi anangoja mmoja aanguke, kisha wote wawili tunakwenda kukaa nje dakika tano. Watu wa hapa hawajui sheria za mchezo hata moja, lakini ngumi wanazielewa, na wakiniona nimesimama tu wanapiga miguu.

Mechi ya kwanza ni tarehe 18 mwezi huu na msimu unakwisha Machi. Januari pekee tuna mechi kumi na mbili. Nikiondoka, kocha ana orodha ya vijana wanaongoja nafasi yangu. Kwa hiyo siwezi kuja.

Nimekuwekea kipande cha gazeti la hapa, ni cha mechi ya majaribio. Yule aliyesimama ndiye mimi. Ni mara yangu ya kwanza kutoka gazetini.

Habari ya kiti nitaifikiria.

Wako,
Nestori


Kasanda
14 Novemba 1996

Nestori,

Sisi wazima. Mahindi yamefika magotini. Nimepokea barua yako na shikamoo yako, marahaba.

Ngoja nikueleze safari ya picha yako. Bahasha ilifika dukani kwa Gharibu ikiwa imechanika pembeni, picha ikaanguka juu ya mizani. Gharibu ni mtu mwema, alifikiri anatupa heshima, akaibandika ukutani juu ya magunia ya sukari na kuandika chini yake: Kijana wetu Marekani. Ilikaa pale siku nne kabla sijaja mjini. Kibondo nzima imeiona. Mtu mweusi mrefu amemkaba mwenzake kwa shati, ngumi iko juu, na yule mwenzake damu inamtoka puani inadondokea kwenye kitu cheupe.

Wewe unajua wiki hii barabara ya Kibondo ilikuwaje? Walipita watu wenye vidonda vya mapanga. Walipita wanawake wamebeba watoto wasiolia tena. Wanaingia dukani kuomba chumvi, wanainua macho, wanakuona wewe. Mama mmoja alimuuliza Gharibu, "Na huyu ni wa upande gani?" Gharibu akasema ni mchezo. Yule mama akatoka bila kuchukua chumvi.

Baba Mdogo Venanti naye akaiona. Unamjua alivyo, au labda humjui, anavaa kalamu mbili mfukoni kama karani wa mahakama. Alisimama mbele ya picha muda mrefu. Jioni akaita wazee wenzake akawaambia, "Mtu anayelipwa kumwaga damu ataonjaje pombe ya kuvua msiba? Hata akija mwenyewe, mimi sitaki." Sasa wazee wamegawanyika. Wapo wanaosema bado neno lako litasikilizwa, ila neno lililoandikwa, wala si mikono yako.

Kwa hiyo hata safari yako haihitajiki tena. Umefurahi? Kinachotakiwa ni jina, na wewe unasema utalifikiria. Unafikiria nini? Baba hakukupeleka kwa watu wale ili ukapige wenzako ngumi mbele ya watu wanaopiga miguu. Na kwa kuwa umenilazimisha niseme, nitasema. Daktari hakuomba mtoto wa kiume. Aliomba mtoto mmoja mwenye akili ya shule, na mwalimu mkuu alitaja jina langu. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasa la saba. Wewe ulikuwa wa thelathini na ngapi sijui. Baba akasema msichana hasafiri, akakuvisha wewe viatu. Nilikaa hapa nikachota maji, nikaolewa na mlevi, nikarudi, nikamwogesha Baba mpaka siku ya mwisho. Nafasi yangu uliichukua, na ona ulichoifanyia.

Andika jina langu. Barua ziende haraka.

Esteri


Marlow Springs
10 Desemba 1996

Esteri,

Sina habari za afya, na yako sijauliza.

Umenifundisha kitu kipya: kwamba niliiba safari yako. Miaka kumi na mitatu Baba aliniandikia habari za ng'ombe, za mihogo, za nani kafa, na hakuna siku aliyoandika kwamba yule aliyestahili alikuwa wewe. Nikuambie siku ile ilivyokuwa kwangu mimi, kwa kuwa wewe ulikuwa jikoni hukutoka kuniaga. Nilipandishwa kwenye gari la misheni. Sikujua naenda wapi, niliambiwa nakwenda kupimwa macho. Baba alinishika kichwa, akageuka, akaondoka kuelekea shambani, na hakugeuka tena. Tulipofika Kasulu ndipo Mama Daktari akanionyesha ramani. Nilimng'ata mkono. Kovu analo mpaka leo, muulize.

Kwa hiyo nafasi hiyo unayoililia, mimi sikuiomba. Ungeniambia siku ile ningeshuka ukapanda. Shuleni kule walinipiga kila siku mpaka nilipojifunza kupiga. Hiyo ndiyo akili yangu ya shule, na ndiyo inayonilisha.

Na usinizungumzie damu. Mimi napigana na mtu aliyevaa kama mimi, aliyekubali kama mimi, na tukimaliza jioni tunakula pamoja. Juzi mmoja tuliyepigana naye alinipa lifti. Timu mojawapo ya ligi imekufa, haikufika hata Krismasi, na wachezaji wake wamesimama milangoni kwetu wakitafuta kazi. Kila mmoja wao anaitaka yangu. Nikiamka naangalia kama jina langu bado liko ubaoni. Wewe unafikiri mimi nachezea barafu.

Unataka jina? Nimekuandikia jina, liko kwenye karatasi ya pili, imesainiwa. Nimemwandika Baba Mdogo Venanti akalie kiti. Yeye hakutaka mikono yangu lakini angalau alisema wazi. Akufukuze au asikufukuze, mtaelewana. Mimi Baba aliniondoa kwenye nyumba hiyo, sasa sina habari ya nani anabaki ndani.

Isome mbele ya wazee neno kwa neno. Nakuamini kwa hilo tu. Wewe ni mkali lakini huibi.

Nestori


Marlow Springs
8 Januari 1997

Esteri,

Natumaini karatasi ile imefika. Nataka kujua kama imesomwa.

Huku msimu unaendelea vizuri. Tuko nafasi ya pili. Kocha ananitegemea sana na mechi ni nyingi, sina hata siku ya kupumzika, ndiyo maana naandika kifupi na mwandiko umeharibika. Tunasafiri kwa basi muda wa saa kumi au kumi na mbili, naandikia magotini.

Hakuna kitakachoniondoa hapa kabla ya Machi. Hilo mlijue.

Nestori


Kasanda
2 Februari 1997

Nestori,

Nimepata barua zako mbili. Ile ya Desemba ilifika tarehe 13 Januari, na hii fupi jana. Mwandiko wa hii ya pili ni kama kuku kapita. Hongera kwa nafasi ya pili.

Unataka kujua kama imesomwa. Imesomwa. Kaa chini nikueleze.

Jumamosi ile watu walikuja wengi, hata wa Muyama walifika kabla ya saa nne. Mchungaji aliomba, akasoma Zaburi, akala ndizi, akaaga. Yeye pombe ikianza kutoka huondoka, na kila mtu anajua, ndiyo maana haikutoka mpaka alipofika barabarani na baiskeli yake. Vijana walibaki nje, kwenye kikao cha wazee hawaingii. Kiti cha Baba kilikuwa katikati kimefutwa vumbi. Baba Mdogo alikaa karibu nacho kuliko wote, amevaa koti.

Mzee mmoja akasema, "Mwana ameandika?" Nikasema ameandika. Nikaitoa ile karatasi yako ya pili. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeamua kuisoma ilivyo, nakuapia. Nilisema moyoni, kama ananichukia hivyo basi, nitafunga mzigo. Lakini niliposimama nikamwona Vestina mlangoni, ameshika mtungi mbele ya tumbo lake kwa namna ambayo mwanamke mwingine akiangalia anaelewa. Wewe mwanaume pengine hujaelewa mpaka leo. Nguo ya harusi tumeiongeza kiunoni mara mbili.

Nikasoma. "Mimi Nestori mwana wa Niyomwungere, kwa kuwa siwezi kufika, kiti cha baba yangu akikalie dada yangu Esteri, aliyemwogesha mpaka mwisho."  Hata lile la kumwogesha niliongeza mimi, kwa kuwa ni kweli na wewe usingelisema.

 Kisha Baba Mdogo akanyoosha mkono. "Hebu ilete niione mwenyewe."

Sasa hapa ndipo kuna jambo usilolijua, maana uliondoka mtoto. Baba Mdogo Venanti hajui kusoma. Hajui hata herufi moja. Zile kalamu ni za mfukoni tu. Amekaa kwenye halmashauri ya kijiji miaka tisa akitikisa kichwa juu ya karatasi, na hakuna anayejua isipokuwa mimi, kwa kuwa barua zake huniletea kwa siri nimsomee nyuma ya zizi. Nikampa karatasi. Jina lake lilikuwa pale, kubwa, umelipigia mstari chini. Aliishika sawasawa, ameshajifunza kwamba saini hukaa chini. Akaitazama juu, akaitazama chini, midomo ikichezacheza. Wazee wote, wasiojua kusoma na wanaoamini yeye anajua, wanamwangalia. Angesema mwiteni kijana aisome tena, ningekuwa nimekwisha. Lakini angesema hivyo vipi, yeye, mbele ya wenzake?

Akaikunja, akanirudishia. "Ego, ndiyo," akasema. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Nikakaa. Kiti kile ni kifupi kuliko nilivyodhani, magoti yanakuja juu. Nikaonja pombe, ilikuwa kali, ya mtama mpya, nikampa Baba Mdogo mrija awe wa pili, na alikunywa. Msiba wa Baba umevuliwa. Vestina anaolewa Jumamosi ijayo pale Kasulu.

Ulisema mimi ni mkali lakini siibi. Basi nimeiba. Nimeiba jina lako na mdomo wako na saini yako, na sitarudisha. Nasema kwa karatasi hii ili usiseme nilikuficha. Kama nafasi ile ya Kanada hukuiomba, hii nami sikuomba, nimeichukua.

Esteri, mwenye nyumba


Kanada, kwa Daktari
3 Machi 1997

Esteri,

Umesimama mbele ya watu waliomzika Baba ukasema uongo kwa sauti yangu. Umenifanya niseme maneno matamu ambayo sikuyasema. Lile la kumwogesha ndilo limenikera kuliko yote, maana sasa kila nikikumbuka Baba nakumbuka na hilo.

Nimemwandikia Baba Mdogo Venanti mwenyewe, kwa jina lake, kwa anwani ya Gharibu. Barua zote mbili nimezitia posta siku moja. Atakayemsomea ni shauri lenu. Ukitaka kumsomea uongo mwingine, soma. Lakini safari hii utaanza kwa kufungua bahasha yake mbele yake, na hutajua kilichomo mpaka macho yake yakuangalie.

Usinijibu mpaka uwe umeisoma.

Nestori


Kasanda
6 Aprili 1997

Nestori,

Vestina hajambo. Harusi ilikwisha salama, watu wa Muyama walicheza ngoma mpaka vumbi likaingia kwenye wali. Sasa yuko Kasulu na mumewe, anauza naye kanga sokoni akiwa amekaa kwenye kiti, maana kusimama kunamchosha. Mahindi tumevuna ya mapema. Bati la jikoni nimelipigilia misumari.

Barua yako kwangu ilifika kwanza, kwa siku tano. Kwa hiyo nilikaa siku tano nikimngoja Baba Mdogo. Nilifua kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba. Nilikuwa nimeshatunga barua yako yote kichwani, ya salamu na baraka, ndefu, yenye habari za kuku wa Daktari. Nimekuwa hodari, naweza kukuandika kuliko unavyojiandika.

Alikuja Jumanne, amevaa koti. Bahasha ilikuwa ndani ya kofia. Gharibu alitaka kumsomea pale pale dukani, yeye akasema miwani ameiacha nyumbani. Tangu kiti kile hatujawahi kuongea zaidi ya habari za asubuhi. Tukaenda nyuma ya zizi. Akakaa juu ya kisiki, akanipa, akasema, "Nisomee yote. Hata kama kuna ubaya."

Nilifungua. Nilikuchukia, Nestori, wakati nafungua, kuliko nilivyowahi kumchukia mume wangu. Nikaangalia mstari wa kwanza, na sikuhitaji kutunga kitu. Nikausoma kwa sauti kama ulivyouandika:

"Baba Mdogo Venanti, shikamoo. Nimesikia kwamba siku ya kuganduka dada yangu alisoma jina lake. Nathibitisha. Yale aliyosoma ni maneno yangu, yote, pamoja na lile la kumwogesha Baba. Mtu akija kusema vinginevyo, mwonyesheni karatasi hii."

Baba Mdogo alishusha pumzi. Sijui alikuwa amengoja nini. Akasema, "Endelea."

Nikaangalia mstari uliofuata, na huo ulianza na jina langu.

"Esteri, najua ni wewe unayesoma. Hapa usisome kwa sauti. Timu iliniachisha tarehe 4 Januari. Nilivunjika mkono wa kulia kwenye taya la mtu, mifupa mitatu, na wakampa mwingine nafasi yangu siku ile ile. Barua ile ya mechi nyingi niliiandika kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa na wiki tatu na sikuwa na kazi yoyote, na tiketi Daktari alikuwa ameshaninunulia. Nilifika mpaka uwanja wa ndege. Nikaona nitaingia nyumba ambayo Baba hayumo, nikiwa na mkono ule, na wote mnanitazama. Nikarudi. Huo ndio ukweli wangu, nao hukuuiba, nakupa."

Nilisimama pale na karatasi. Zizi lilikuwa kimya, ng'ombe wote wako malishoni. Nilisoma mara ya pili, bila sauti, na mara ya tatu. Uwanja wa ndege, Nestori. Sisi tulikuwa tunafuta vumbi kwenye kiti, na wewe ulikuwa uwanja wa ndege.

Sijakusamehe. Ulimwandika Venanti na ukapiga mstari chini ya jina lake, karatasi hiyo ninayo na sitaichoma. Utakapokuja, kitanda chako kiko chumba cha nyuma, na utalala hapo kama mgeni wa nyumba yangu, na asubuhi utanisalimia shikamoo kabla sijakupa chai. Kuja utakuja, sijauliza.

Baba Mdogo alinikazia macho. "Mbona umenyamaza hapo? Anasema nini?"

Nikamwambia hapo umemsalimia.

Esteri